Ziwa Nililokaribia Kulifunga

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Uvuvi wa Wilaya aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Kwetu Masieda maji ya kina yako kwenye pipa tu, mkuu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipa buti za mpira, daftari na fimbo ndefu ya kupimia kina, akanipeleka ziwa Basotu. Ndivyo mtoto wa wakulima wa mahindi alivyogeuka Bwana Samaki. Ninyi mnaosomea uvuvi kwenye simu msinicheke sana.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu. Mvua zikianza, perege dume huchimba kiota kwenye maji mafupi na kukilinda, nami nilipita ukingoni nikihesabu waliomo. Upande wa kijijini wavuvi waliwachoma kwa mikuki. Mwaka wangu wa tatu nilihesabu upande huo asubuhi nne mfululizo, nikaambulia viota vitupu. Nikaandika taarifa kwa mwandiko safi kabisa: samaki wamekwisha, ziwa lote lifungwe, kwa wavuvi wa mikuki na wa nyavu pia.

Habari ikavuja kabla sijaipeleka. Mama Paulina, mjane aliyesomesha wanawe kwa kukaanga perege, akanifuata na beseni lake kichwani.

"Bwana Samaki, ukifunga ziwa, wanangu watakula hiyo taarifa yako?"

Roho iliniuma, lakini nilijiona nina elimu.

Aliyenitoa ushamba ni Mzee Gidamis, mfugaji aliyenywesha ng'ombe wake ng'ambo ya ziwa. Watu wake hawali samaki. Kwake perege ni ndugu wa nyoka. Siku zote nne alikuwa akinitazama kama mtu aliyepata sinema ya bure.

"Bwana Samaki, hawa samaki wanakukimbia wewe," alinipazia sauti kutoka ng'ambo, pale ziwa linapokuwa jembamba. "Unabeba mti mrefu kama wale wa mikuki. Njoo huku kwa ng'ombe."

"Na wewe si umeshika fimbo, mzee?"

"Yangu ni ya ng'ombe. Samaki wa hapa wanajua. Hapa hakuna mtu anawachoma."

Nikazunguka hadi kwake. Perege walitulia viotani hatua mbili tu kutoka kwenye buti zangu, fimbo ikiwa mkononi. Nikarudi upande wa mikuki, nikaiweka fimbo chini, nikaketi juu ya jiwe bila kutikisika. Muda mrefu ulipita, kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja. Walikuwa wachache kuliko wa ng'ambo, maana mkuki humchukua kwanza dume jasiri asiyetaka kuacha kiota. Lakini hawakuwa wamekwisha. Nilikuwa nimeuona woga nikauita upungufu.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Niliichana ile taarifa, nikaenda Katesh, makao ya wilaya, kukiri kosa.

"Sasa unataka nini?" mkuu aliuliza.

"Tufunge ukingo wa viota tu, msimu wa mvua, kwa wavuvi wa mikuki. Nyavu zenye macho makubwa ziendelee kilindini. Na kila mwaka tupime umbali wa kukimbia, yaani unamkaribia samaki hatua ngapi kabla hajatimka. Woga ukipungua, tutajua wamepumzika."

"Nani kakufundisha?"

"Mtu asiyekula samaki, mkuu."

Akakubali. Wavuvi wa mikuki walininunia msimu mzima, hata salamu wakaninyima. Msimu wa tatu waliniita wenyewe waone napimaje, wakabishana kwa kelele nani amewasogelea samaki karibu zaidi.

Sasa nimestaafu, nalima vitunguu, na magoti yananidai miaka yote ile ya majini. Siku ya kuniaga, Mama Paulina alinikaangia perege mkubwa kupita sahani. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, nami nilikula huku machozi yakinitoka. Mkuu wangu wa siku zile alikuwa ameninong'oneza hapohapo mezani kwamba miaka ile aliniamini sana: ile taarifa ya kwanza, ningeipeleka, angeisaini siku hiyohiyo.