Taa Aliyoifunika Baba

Mama yangu ni mwoga wa gari, na wala hajawahi kuona aibu kusema. Baba alipokuwa akiendesha, mama alikaa mbele na tasbihi mkononi, na kila gari la mbele likipunguza mwendo, mguu wake wa kulia unakandamiza kapeti. Breki alizopiga mama kwenye lile kapeti, lau zingekuwa zinashika kweli, tusingefika hata mwisho wa mtaa wetu pale Temeke.

Basi mwanamke kama huyo, siku moja akaona taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi, kiduara chenye alama ya mshangao katikati. Ilikuwa ni taa ya breki. Mama alitaka kushuka pale pale barabarani atembee kwa miguu. Baba alilipeleka gari kwa fundi, akaambiwa breki ni nzima, ila swichi ya hendibreki imekufa, ndiyo maana taa inawaka hata hendibreki ikiwa chini. Mama hakukubali. Kwake taa nyekundu ni taa nyekundu, na tangu siku hiyo akawa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti kuanzia geti la nyumbani mpaka tunakokwenda.

Swichi mpya baba aliahidi kuinunua kesho, na kesho ya baba naijua mie. Alichofanya ni kuchukua plasta ya kidonda, akakata kipande, akakibandika juu ya ile taa. Akamwambia mama kwamba imeshapona. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, na safari hiyo hatukusikia kisomo.

Mie sikucheka. Nilimwambia baba kwamba taa ya breki si pambo, inawaka kwa hendibreki lakini inawaka pia mafuta ya breki yakipungua, na siku yakipungua kweli nani atajua? Nilisema kwa ukali, maana ndivyo nilivyo. Yeye alinitazama tu kwa upole wake ule uliokuwa unanikera.

"Nimefunika macho ya mama yako," alisema. "Yangu sijayafunika."

Nilidhani ni maneno ya kunifunga mdomo. Na kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, baba alikuwaga na desturi yake: anavaa kanzu, anatoka uani, anafungua boneti na kuchungulia ndani. Mama anapiga kelele dirishani kwamba atachafua kanzu na grisi. Baba anaikusanya kanzu kwa mkono mmoja, anachungulia weee, kisha anafunga na kwenda zake. Nyumba nzima tulimtania kwamba anawaringishia majirani injini.

Baba alipofariki, gari lilibaki uani limefunikwa turubai, na mama akakaa eda. Mie nilikuwa napita kuliwasha ili betri isife, nalizima, naingia ndani kukaa naye. Hakuna aliyefungua boneti. Ijumaa zilipita, na nani angekumbuka?

Eda ilipokwisha, mama alitaka kwanza aende Mbezi Beach kwa dada yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani na hakuweza kuja kuzika. Walikuwa wamelizana kwenye simu tu. Nilisafisha gari asubuhi, na nilipofika kwenye ile plasta, iliyokwisha kuwa nyeusi kingo zote, nikaanza kuichokonoa kwa ukucha. Mama aliniona.

"Iache. Kaibandika baba yako kwa mkono wake."

Nikamwambia ni hatari. Akasema mkono wa baba yangu haujawahi kumdhuru. Jamani, nani anabishana na mama yake siku anayotoka eda? Niliiacha.

Mtaani pedali ya breki niliiona imeshuka kidogo, nikajipa moyo kwamba gari limekaa sana. Tukaingia barabara kubwa. Mbele foleni ikasimama, lori la mchanga likawa hapo mbele yetu, nikakanyaga breki, na mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nikashusha gia, nikawa napiga breki harakaharaka huku navuta hendibreki kidogokidogo, maana ukiivuta kwa mkupuo gari linaweza kuyumba. Tulisimama karibu kabisa na lile lori. Nilipogeuka, mguu wa mama nao ulikuwa umekandamiza kapeti.

Lori lilipoondoka nilijikokota hadi pembeni, nikazima injini, nikashuka na kufungua boneti. Kikopo cha mafuta ya breki kiko juu juu tu, ni cheupe, unaona ndani bila kugusa kitu, kina mstari wa juu na mstari wa chini. Mafuta hayakufika hata ule wa chini. Mama akashuka akaja kusimama kando yangu, akauliza naangalia nini. Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba hapo ndipo mtu anajua kama breki zipo, hata taa ikiwa imefunikwa.

Mama aliinama juu ya kile kikopo, magari yanatupita.

"Kumbe ndicho alichokuwa anachungulia," alisema. "Alinibebea woga wangu, mwanangu, na hakuniambia."

Akalia pale barabarani, na mie nikalia naye. Kisha akarudi ndani ya gari na kunitaka nizungushe ufunguo, taa za dashibodi ziwake. Akaibandua plasta mwenyewe, taratibu, isichanike. Taa ilikuwa inawaka nyekundu. Nilitegemea aanze kusoma, lakini aliitazama tu, akaikunja plasta ndani ya leso yake.

Lilikuja gari la kuvuta, tukarudi. Raba za breki za tairi moja la nyuma, zile zinazozuia mafuta yasitoke, zilikuwa zimekufa, mafuta yakivuja polepole kipindi chote kile gari limekaa. Fundi alizibadilisha, akajaza mafuta, na nikamsimamia mpaka akaweka na ile swichi ya kesho ya baba. Siku iliyofuata mama alimkumbatia dada yake.

Sasa kila Ijumaa nikienda Temeke, mama hanipi hata chai kwanza. Ananitaka nifungue boneti. Anaukusanya mtandio kwa mkono mmoja usiguse grisi, anainama, anachungulia. Mara ya kwanza nilidhani anasema na mie.

"Yapo," alisema. "Leo nimeangalia mie, mwenzangu. Pumzika."