Tawi la Chuo Tusichosomea

Kwa miaka mitatu nilikuwa katibu wa tawi la mashabiki wa timu ya mpira ya chuo kimoja hapa Johannesburg. Sikuwahi kusoma katika chuo hicho. Mwenyekiti wetu hakuwahi kusoma pale, wala mweka hazina, na wanachama waliobaki, mafundi cherehani na wauza mitumba wa Kitanzania, walikijua kwa uwanja wake tu. Chuo chenyewe hakikujua kwamba kina tawi.

Ilianza na mpwa wa Mwenyekiti. Alisoma pale, akacheza winga ya kushoto, na kila Jumamosi mjomba wake akawa anafunga mapema duka lake la ushonaji la Jules Street ili akamshangilie. Mimi nilikuwa nashona kwake, kwa hiyo duka likifungwa nami nafuata. Kiingilio hakikuwepo. Wenzetu wa Dar na Tanga wakasikia, wakaja, na Watanzania wakishajaa nyuma ya goli moja lazima wafungue tawi. Wakachaguana: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mpiga ngoma. Kisha mpwa akamaliza masomo, akapata kazi Cape Town, akahama. Sisi tukabaki. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ukatibu nilipewa kwa sababu niliweza kuandika Kiingereza. Nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na video za kwenye simu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sasa inatosha. Nikishona suruali nafumua mshono ambao mteja hawezi kuuona hata akiigeuza ndani nje. Muhtasari wa kikao nilikuwa nauandika upya hadi kikao kinachofuata, na watu waliokuja kugombea nani abebe ngoma walilazimika kusikiliza aya nilizozipiga pasi kama kanzu za Idi.

Sababu ya kuipenda ile timu naionea haya kidogo. Niliamini ni safi. Mpira wa nyumbani niliukulia nikisikia habari za waganga wanaofukia vitu golini na waamuzi wanaolala hoteli wasiyoilipia. Hapa walikuwa wanafunzi, mabegi ya vitabu yamepangwa pembeni mwa uwanja. Nadhani niliyatazama yale mabegi kuliko nilivyoutazama mpira.

Mwaka 2017 tulifika nusu fainali, tukafungwa mbili bila na chuo chenye jezi rangi ya damu ya mzee. Mabao yote mawili alifunga namba tisa wao. La kwanza sikumwona usoni. La pili alikimbia kushangilia hadi upande wetu, mikono juu, akaniona, mikono ikashuka.

Alikuwa jirani yangu. Tuliishi Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao, bomba moja uani kwa wote. Yeye ni Mkongomani wa Lubumbashi, mlinzi wa usiku katika ghala la vipuri. Alikuwa anarudi asubuhi ninapokinga maji, halafu analala mchana kutwa. Kama kuna chuo alichokuwa anahudhuria, alikihudhuria ndotoni.

“Namba tisa wao huyo namfahamu,” nilisema, na ingekuwa heri ningenyamaza. “Ni mlinzi.”

“Mamluki!” alipiga kelele Mwenyekiti. Ni neno ambalo kwetu kila aliyecheza mpira wa shule analijua: mtu asiye mwanafunzi anayevalishwa jezi ya wanafunzi. Neno likapokelewa na ngoma nyuma ya goli.

Jumatatu tulikutana dukani, katikati ya nguo zilizokatwa na zisizoshonwa.

“Hatukufungwa,” alisema Mwenyekiti. “Tumeibiwa. Tunakata rufaa, tunapewa ushindi wa mezani, fainali tunaingia sisi.”

“Lakini uwanjani walituzidi,” nilisema.

“Katibu, kombe likishakaa kabatini, nani anauliza lilipitia wapi?”

“Hata biriani linaliwa mezani, dada,” alidakia mweka hazina, “na mtu anashiba.”

Wakacheka. Nikauliza kama tuna ushahidi.

“Ushahidi gani tena?” Mwenyekiti alisimamisha cherehani. “Si unapanga naye foleni bombani? Wewe si unajua hata rangi ya ndoo yake?”

“Ya bluu,” nilisema kabla sijajizuia.

“Andika hiyo!”

Kesho yake asubuhi nilimkuta bombani, bado ana sare ya ulinzi. Alinipisha nikinge maji kwanza. Kwa kawaida hapishi mtu, nikajua kwamba anajua.

“Dada, Jumamosi nilikuona.”

“Nami nilikuona, kaka. Mara mbili.”

Akacheka kidogo. “Ile ya pili, kipa wenu njo alilala. Hapana mi.”

“Unasoma chuo kile?”

“Bado.” Alitazama maji yakijaa. “Kocha alisema, tukibeba kombe, Januari wananiandika. Comptabilité. Uhasibu, dada, na bila kulipa. Mi nimelinda milango ya batu miaka mingi. Naomba na mi niingie mulango moja.”

“Na mkikosa?”

“Basi njo vile. Nitaendelea kulinda.”

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimwonea wivu hadi mkono wa ndoo ukaanza kunichoma. Uhasibu! Uhasibu nilikuwa nimejifundisha peke yangu, chini ya taa ya cherehani. Chuo nilikitaka mimi. Nilikuwa nimeshawahi kwenda kuulizia, nikaambiwa ada ya wageni, nikasema asante kwa Kiingereza kizuri na kurudi kushona. Na huyu angeingia kwa mguu wa kulia.

Hadi asubuhi ile nilikuwa naona rufaa ni aibu. Nilipofika chumbani na maji yangu, ilikuwa imegeuka kuwa haki. Nilishangaa jinsi dhamiri yangu ilivyoamka na nguvu, imenawa, tayari kwa kazi.

Nikaiandika. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama ile rufaa. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na vifungu vya kanuni, na ilimtaja jirani yangu kwa heshima kubwa mahali pote ilipokuwa inammaliza.

Afisa michezo wa chuo, mwenyeji wa hapa, alikuwa na ofisi chini ya ngazi, katikati ya mipira iliyoishiwa upepo. Tulikwenda wawili, mimi na Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesahau kuvua futi ya kupimia shingoni. Afisa alisoma ukurasa wa kwanza, akainua uso.

“Eish. Nani kaandika hii?”

“Mimi,” nilisema, na masikio yakawaka kwa raha.

“Uko mwaka wa ngapi?”

Nikamtazama Mwenyekiti.

“Sisi ni tawi,” alisema Mwenyekiti kwa Kiingereza chake cha dukani.

“Tawi la nini?”

“La chuo hiki.”

“Chuo hiki hakina tawi.”

“Kinalo,” alisema Mwenyekiti kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari njema.

Afisa alitueleza bila kutucheka, na hilo namshukuru hadi leo. Rufaa hukatwa na chuo, si na mashabiki. Lakini lazima awepo shahidi anayemfahamu mchezaji, atie saini jina lake. Akauliza nani anamfahamu.

“Ni jirani yangu,” nilisema.

“Basi saini hapa. Akishatajwa, hachezi fainali, na kile chuo hakitataka kumwona tena getini.”

Alinisogezea kalamu. Kwa hiyo ulikuwa umelala hapo juu ya meza, ule mlango mmoja wa jirani yangu, na mimi ndiye niliyeombwa kuufunga. Nilishika kalamu. Nikaisoma rufaa yangu kwa mara ya mwisho, na katika aya ya pili nikaona neno limerudiwa.

“Naweza kwenda kuchapisha upya?” niliuliza.

“Mwanangu,” alisema Mwenyekiti kwa Kiswahili, meno yamebana, “saini, tuondoke.”

“Neno limejirudia.”

“Wallahi, hata ukoo mzima ujirudie, saini!”

Afisa hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa kusita. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

“Kabla hujasaini nikwambie kitu. Wakikaguliwa wao, na sisi tutakaguliwa. Kipa wetu alimaliza chuo zamani. Ana familia. Siku hizi ndiye anayetuletea mayai ya kantini.”

Kipa wetu! Begi lake lilikuwa kubwa kuliko yote pale pembeni mwa uwanja, nami nilikuwa najiambia huyu anasoma kweli.

“Huyo ni tofauti,” alisema Mwenyekiti baada ya kutafsiriwa.

“Tofauti vipi?” aliuliza afisa.

“Huyo ni wetu.”

Afisa alizichukua karatasi, akazikunja vizuri, akanirudishia. Alisema nimeandika vizuri sana na nizitunze. Kisha akasema “sharp”, ambayo hapa maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Nje tulisimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, kusubiri kuvuka.

“Ungesaini?” aliuliza Mwenyekiti.

“Neno lilikuwa limerudiwa.”

“Sikukuuliza neno.”

Taa ikageuka kijani, tukavuka. Nimeipanga dakika ile kichwani kwa namna nyingi tangu siku hiyo, na kila namna natoka mtu mwema. Ndiyo maana siiamini hata moja.

Mwenyekiti alilalamika dukani, na habari zikishafika uani hazihitaji katibu. Siku ya pili jirani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Dada, Mungu akubariki. Balinieleza. Walikupa kalamu, ukakatala.”

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nilisema, “Usijali, kaka.” Jumapili, alipotoka kanisani, akaniletea bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Nililila lote. Lilikuwa tamu kuliko nilivyostahili, na hilo halikunizuia kuufuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha ugali.

Fainali tawi liliamua kuisusia, kwa msimamo. Azimio niliandika mimi. Nilikwenda kisirisiri, nikamkuta Mwenyekiti nyuma ya goli, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

“Nimekuja kukagua nyasi,” alisema.

Hadi dakika za mwisho hapakuwa na bao. Ndipo jirani yangu akaingia na mpira kwenye eneo la hatari, beki akamsogelea, naye akaruka, akaanguka, akajikunja ameshika goti kama mtu aliyepigwa shoka. Penalti.

“Aliguswa?” niliuliza.

“Na upepo,” alisema Mwenyekiti.

Penalti ikaingia, na nilijikuta nimeruka juu, napiga kelele kwa sauti nisiyoijua. Mimi, mpenda usafi. Mwenyekiti alinitazama, kisha akavua kofia na kuipunga.

Kile chuo kilitimiza ahadi. Jambo hili lilitushtua kuliko udanganyifu wowote, maana hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa uaminifu. Januari jirani akaandikishwa, akapewa kitambulisho chenye picha, akatuonyesha uani mlango kwa mlango. Nilikishika kwa ncha za vidole. Plastiki yake ilikuwa bado na joto la mfuko wake.

Sasa hesabu zikaanza kugoma. Usiku alikuwa ghalani, asubuhi darasani, na saa za mazoezi ya mpira ndizo pekee alizobakiwa nazo za kulala. Haukupita muda kocha akamtoa kikosini. Alimweleza kwa upole kwamba timu inahitaji watu wenye nafasi. Jezi namba tisa wakampa dereva wa gari la mkate, mtu wa mabega, ambaye hana masomo ya kumsumbua. Kwa hiyo jirani yangu alicheza alipokuwa si mwanafunzi, na alipokuwa mwanafunzi halali hakucheza tena.

Alibakiwa na sharti moja: asifeli muhula wa kwanza, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Akaja kwangu na kazi ya nyumbani, mizania ya duka la kubuni la viatu.

“Dada, nisomeshe.”

Nilimsomesha, tukiwa tumekaa uani juu ya ndoo zilizofudikizwa. Nilipofika kwenye upande wa madeni nikasikia anakoroma, penseli wima mkononi. Nilimwamsha, akaomba radhi, nikaanza upya, akalala upya. Kazi ilitakiwa kesho yake. Nilimtazama akilala na kitambulisho chake shingoni, kisha nikachukua penseli.

Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa huruma, au kwamba ilikuwa huruma tupu. Nilitaka kujua ningepata alama ngapi. Kwa mara ya kwanza uhasibu wangu ulikuwa unakwenda mbele ya mwalimu wa kweli, mwenye kalamu nyekundu. Nilipiga mistari kwa rula ya kushonea. Niliiandika upya hadi tarakimu zikasimama kwenye safu zake bila hata moja kuinamia jirani yake. Asubuhi jirani akainakili kwa mwandiko wake, akakimbia.

Wiki iliyofuata alirudi anacheza rumba tangu getini.

“Dada! Tumepita! Themanini na sita! Mwalimu amenisifu mbele ya darasa!”

“Lete.”

Nilikaa chini na karatasi. Kila jibu lilikuwa na alama ya vema. Kwenye ukurasa wa nyuma, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: majibu yote sahihi, lakini hujaonyesha njia.

“Njia ipo,” nilisema. “Niliiweka pembeni. Wewe hukuinakili?”

“Niliona ni fujo tu ya penseli.”

“Kaka, ile ndiyo kazi yenyewe! Rudi kesho kamwambie njia ilikuwepo. Mwambie tulistahili zote.”

“Nimwambie iko wapi?”

Alikuwa tayari anafunga vifungo vya sare, anakwenda kazini, uso umejaa usingizi na furaha. Akachomoa karatasi nyingine mfukoni, imekunjwa mara nyingi, akaiweka juu ya ndoo.

“Ya Ijumaa,” alisema.

Nilijiambia nitalitazama swali tu.