Mboga ya Mtakatifu

Mimi nikishika mwiko watu hula, na hilo silionei haya. Nimekulia Tanga, mahali ambapo majani ya maboga yakikosa tui watu wanauliza kama kuna mgonjwa ndani, na siku ambazo mke wangu yuko zamu hospitalini, jiko letu la Walthamstow huwa langu peke yangu. Sema Machi ile nilijiamini kupita kiasi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama wa Kiairishi, mjane aliyeshapita sabini, na ndiye anayewachukua wanangu shuleni tukiwa kazini. Binti ana miaka sita, mdogo wake wa kiume ana minne. Wao wanamwita Bibi, mimi namwita mama. Ana kipande cha shamba cha kukodi nyuma ya reli, na kila akivuna hutuletea fungu letu: spinachi, vitunguu, viazi vyenye udongo wake, vyote vimefungwa kwenye gazeti. Nami namrudishia sambusa, kwa hiyo hakuna anayemdhulumu mwenzake.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia ndani ya Kwaresima. Mimi nimefunga, yeye ameacha sukari kwenye chai, tukikutana uani tunajuliana hali kama wagonjwa wa wodi moja. Katikati ya Machi ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kwao, siku ambayo Waairishi huvaa kijani na kubandika kifuani kishada cha majani yanayoota matatu matatu. Sisi ni Waislamu, lakini sherehe ya jirani haitupiti. Wanangu walikuwa hawalali, maana shule iliwaruhusu kuvaa nguo za kijani badala ya sare, na Bibi alikuwa amewaahidi kuwabandika majani mwenyewe.

Bibi alikuwa anamngoja mtu wa posta. Dada yake mkubwa, anayeishi kwenye nyumba ya wazee huko kwao, amemtumia majani hayo kila mwaka tangu Bibi alipohamia London akiwa msichana.

"Safari hii anasema ndiyo ya mwisho," aliniambia siku moja, akijifanya anang'oa magugu. "Nikimuuliza kwa nini, anasema amechoka. Anaongea kama mtu anayefunga mizigo."

Nilimwambia Mungu atamtia nguvu, na nilimaanisha.

Majani yalifika siku moja kabla ya sikukuu. Friji la Bibi lilikuwa limekufa wiki hiyo, maziwa na siagi yake vikawa vinalala kwetu. Basi alipowarudisha watoto alimkabidhi binti yangu kifurushi cha gazeti lililolowa, akamwambia akiweke kwenye friji letu mpaka asubuhi. Binti akakiweka, akakimbilia katuni, na ujumbe ukaishia hapo hapo. Haya yote niliyajua baadaye.

Wakati huo nilikuwa nimesharudi kutoka kazini, niko chumbani nasali alasiri, nikatoka tumbo limeshikana na mgongo. Nafungua friji, nakuta gazeti, na ndani ya gazeti majani mabichi, madogo madogo, na mizizi yake. Nikasema alhamdulillahi, Bibi katukumbuka kwa futari. Naomba nisihukumiwe haraka. Majani ya sikukuu niliyoyazoea ni yale ya kwenye kadi na madirisha ya maduka, makubwa kama kiganja. Haya yalikuwa vijani tu. Wala sikujiuliza kwa baridi ile yameota wapi. Nilikata mizizi nikaitupa, nikayaosha maji matatu, nikayachanganya na spinachi ya sokoni, kitunguu, nyanya na tui zito. Na kwa kuwa nilikuwa na swaumu yangu, sikuonja.

Adhana ya kwenye simu ilipolia tukala na wali. Watoto walichambua nyanya wakaacha kijani. Mke wangu aliporudi alitafuna matonge mawili, akaniuliza kama nimempikia nyasi. Nikamwambia hajui mboga.

Kesho yake saa mbili kasorobo asubuhi Bibi aligonga mlango. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amepaka rangi ya mdomo, na mkononi ana pini tatu. Wanangu walisimama mbele yake wamenyooka, kijani juu hadi chini, mdogo amevaa hadi soksi za dada yake. Binti akakimbilia friji.

"Baba, it's gone!"

"Kipi hicho?"

"Majani ya Bibi. Yalikuwa kwenye gazeti."

Nilitamani kusingizia panya, lakini watoto walikuwa wananitazama, na bakuli la mboga iliyobaki lilikuwa pale pale kwenye friji, wazi.

"Mama," nikamwambia, "nimeyapika."

Bibi alikaa kwenye kiti bila kuvua koti. Alizipanga zile pini tatu mezani, akazipanga tena. Nikaomba radhi kwa Kiingereza chote nilichonacho, na nilipokimaliza nikabaki nimesimama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nihamie nchi hii.

Mwishowe akauliza, "Yamebaki?"

Nikapasha moto. Akala kwa kijiko, taratibu, mpaka bakuli likaisha, huku mimi niliyefunga nikimsimamia kama mhudumu wa hoteli.

"Umetia nini?"

"Tui la nazi."

"Hm," akasema.

Mdogo akaanza kulia kwamba shule imeshaharibika. Nikapekua friji, nikapata fungu la kotmiri. Bibi aliligeuza geuza, akakata vishada vitatu, akawabandika watoto mmoja mmoja kwa uangalifu uleule ambao nadhani angeutumia kwa majani yenyewe, kisha akajibandika na yeye. Jiko zima likanukia kachumbari, na binti akatangaza kwamba kishada chake ndicho kizuri kuliko vyote.

Saa mbili kamili simu ya Bibi ikalia ndani ya koti. Alikuwa dada yake. Hupiga kila mwaka saa hiyo, kabla ya misa, kumuuliza swali moja. Bibi hasikii vizuri, hivyo huweka spika, na sauti ikajaa jikoni, nyembamba, yenye kukwaruza.

"Umeyavaa?"

Bibi aliitazama kotmiri kifuani pake. Angeweza kusema ndiyo, na mimi nilikuwa namwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Hapana," akasema. "Nimeyala. Jirani yangu kayapika."

Nikasikia televisheni ya watu ikiongea kule upande wa pili. Halafu kikaja kicheko, kikavu mwanzoni, kikapanda, kikaangukia kwenye kikohozi, kikapanda tena. Bibi alitoa macho.

"Nipe huyo mpishi."

Niliipokea simu kwa mikono miwili. Ulimi ukateleza ukatoa shikamoo, nikajisahihisha.

"Yalikuwa matamu?" akauliza.

Uongo ulishanishinda asubuhi ile. "Yana ladha ya nyasi, mama."

"Ng'ombe wetu hawakuwahi kulalamika." Akacheka tena, akavuta pumzi. "Sikiliza. Mwakani natuma vifurushi viwili. Kimoja cha kuvaa. Kile kingine usikichanganye na spinachi, kipike peke yake, halafu uniambie vizuri."

Nikasema sawa, mama. Simu ikakatika. Watoto walikuwa wameshavaa mabegi na wananivuta shati, tumechelewa. Bibi hakuinuka. Alinishika mkono kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza.

"Umemsikia?" akaniuliza. "Amesema mwakani."