Matuta ya Baba

Kila nikipita kijijini Mollo watu wakifukia nyasi kwenye matuta, harufu ile hunipandisha hasira. Nikiwa mtoto, baba alipiga matuta yake, bila kuomba, ndani ya shamba la baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Jumapili kanisani, wakati wa kutakiana amani, baba akawapa mkono wote isipokuwa mdogo wake. Alipoingia kwenye mstari wa komunyo, bibi, mama yao, akamzuia kwa fimbo.

“Wewe! Kapatane kwanza na mdogo wako.”

Baba akatoka nje amefura. Aliyemfuata huko nje ni baba mdogo, mkono ameunyoosha.

“Yaishe, kaka.”

Baba akaushika kwa vidole viwili.

“Haya, nimekusamehe.”

Amemsamehe nini? Maharage ya matuta yale tuliyala sisi.