Karatasi ya Namba Sabini na Tatu

Shuleni walimwita Kipenga, kwa ajili ya kile kipenga cha bati alichokivaa shingoni kwa miaka kumi na tisa, na wala hakuwa na haja ya kukipuliza. Akitokeza tu kwenye kona ya darasa, kelele zilikufa zenyewe. Alifundisha darasa la saba. Wazazi walimpenda, hasa wale ambao watoto wao hawakufundishwa naye. Kwenye mikutano alisimama akawakumbusha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao wakaitikia huku wakitazama viatu vyao.

Sheria mbili za mitihani zilikuwa zake. Ya kwanza, karatasi ziandikwe namba badala ya majina, na za mikondo yote mitatu zichanganywe kama karata, ili mwalimu asijue anasahihisha ya nani. Aliipigania sheria hiyo kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa darasa hilohilo la saba, na watu hawakosi la kusema. "Shuleni mimi si mama yako," alimwambia binti siku ya kwanza, na tangu hapo binti akamwita mwalimu. Ya pili, siku ya kufunga shule matokeo yasomwe mstarini, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya shule nzima. "Wa mwisho naye ajue ni wa mwisho," alisema. Hakuna aliyembishia. Nani amfunge paka kengele?

Basi siku ya kufunga ikafika, na saa tatu asubuhi Kipenga alikuwa amebakiza insha kumi na mbili. Mada ilikuwa "Mtu Ninayemwogopa". Ilitungwa na mwalimu kijana wa mkondo wa tatu, na Kipenga alikuwa ameigunia tangu mwanzo. Kwake yeye mtoto aandike juu ya faida za ng'ombe, yaishe. Watoto walikuwa wameandika juu ya wachawi, wezi, na mmoja alijaza kurasa mbili juu ya muuguzi mwenye sindano. Kipenga alicheka peke yake, akaivuta karatasi ya namba sabini na tatu.

"Mtu huyo anaishi kwetu. Nikisikia funguo zake kwenye geti naacha kucheza. Natazama anavyovua viatu. Akivivua polepole najua leo ni mbaya. Anakaa, hasemi kitu. Ananyoosha tu mkono, na mimi najua anataka nini. Halafu ananitazama mpaka nashindwa kumeza chakula. Watu wengine wa nyumbani wanajua ila wanajifanya hawaoni."

Kipenga alikuwa ameshasahihisha koma moja na kuandika pembeni "mtiririko mzuri" kabla macho yake hayajafika aya ya mwisho.

"Siku ya kufunga shule, wakianza kusoma majina, mimi sitakuwepo. Nimefunga begi na nauli ninayo. Sirudi tena kwa mtu huyo. Wasinitafute."

Kalamu nyekundu ilimponyoka. Aliogopa, na tusimpunguzie. Alishawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Miaka sita nyuma, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliacha kuja shule, naye akamwandika mtoro kwenye rejista, wiki baada ya wiki, mpaka mkono ukazoea. Hakwenda kuuliza. Alipokuja kuuliza, nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Tangu hapo kila alipofungua rejista mpya alilitafuta jina lile bila kukusudia.

Sasa alimwona kabisa huyo mtu wa geti. Alimpa sura ya baba wa kambo, akamvua hiyo akamvika ya mpangaji, kisha ya mjomba fulani mwenye macho mekundu. Akaikunja karatasi, akatoka mbio kwenda kwa mwalimu wa taaluma, mzee mcheshi aliyetunza mitihani yote kwenye droo moja yenye kufuli.

"Nipe orodha ya namba."

"Hata salamu? Karibu chai kwanza."

"Kaka, nipe orodha."

"Orodha haifunguliwi mpaka alama zote ziingie. Sheria ya nani hiyo? Hata mwalimu mkuu ulimnyima mwaka jana, akaondoka kanywea."

Kipenga akamwekea karatasi mezani. Mzee alisoma, na utani wote ukamwisha usoni. Alifungua droo. Kipenga alisimama mbele ya meza, mkono ameunyoosha, naye hasemi kitu. Mzee hakumpa. Alishuka na kidole mwenyewe, namba kwa namba, kikasimama. Akamtazama Kipenga usoni, kisha akautazama ule mkono.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Ni mtoto wa nani? Maana leo hii namchukua nakwenda naye polisi, na huyo mtu wake atanijua mimi ni nani."

"Kaa, dada yangu."

"Wa nani?"

"Ni wako."

Mungu amsamehe, wa kwanza kumjia akilini alikuwa mumewe, fundi redio asiye na neno, mtu wa kumwomba mende njia. Akamfikiria hivyo kwa dakika nzima. Halafu akakumbuka kwamba mumewe alifanyia kazi sebuleni. Hakuwa na geti la kufungua jioni. Mwenye funguo alikuwa mmoja tu.

Mkono wake ulikuwa bado umenyooka juu ya meza. Aliurudisha haraka, akauficha nyuma.

"Lakini huu si mwandiko wake," alisema.

"Mwandiko wake unaujua?"

Mzee hakuuliza kwa ubaya. Kila jioni kwa miaka saba Kipenga alikuwa amepokea madaftari ya yule mtoto, na alichotazama ni ile namba nyekundu iliyo chini ya ukurasa. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekwenda kukitafuta kwa wajomba za watu.

Nje kengele ikagongwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameamua kuanza na madarasa madogo wakati alama za la saba zikisubiriwa, na watoto walishaanza kujipanga. Wakianza kusoma majina, mimi sitakuwepo. Kipenga alikimbia. Darasani dawati la binti lilikuwa limefutwa, safi kama la mtu aliyehama.

"Ametoka kumwaga takataka, mwalimu," alisema msichana mmoja aliyebaki na ufagio. "Ila hakubeba takataka."

Shimo la takataka lilikuwa nyuma ya vyoo, karibu na geti dogo lililofungwa kwa waya. Alipita kati ya mistari ya watoto wa darasa la kwanza, nao wakaduwaa, hawajawahi kumwona Kipenga akikimbia. Nyuma yake sauti ya mwalimu mkuu ikaita wa kwanza, makofi yakalia. Alipozunguka vyoo akamwona: begi mgongoni, vidole vikihangaika na waya, mizunguko miwili imebaki kufunguliwa. Kipenga alishatia kipenga mdomoni bila kufikiri. Akakitoa. Aliogopa kwamba akikipuliza atakimbia, akaogopa zaidi kwamba hatakimbia, atasimama tu kama wanavyosimama wote.

"Mwanangu," aliita, na sauti ikatoka ndogo.

Binti aligeuka. Kipenga alisogea polepole, pumzi imemwishia, akanyoosha mkono amshike.

Binti akautazama ule mkono. Akauacha waya, akashusha begi chini, akapiga magoti akalifungua. Chini ya nguo zilizokunjwa akatoa daftari la hisabati, akalifunua ukurasa wa mwisho, akaliweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Thelathini na nane, mwalimu," akasema, bila kuulizwa.