Simu Juu ya Rafu ya Dobi

Tarehe 9 Machi mwaka huu, Dobi alimpeleka binti yake kliniki kwa mara ya kwanza. Muhuri wa siku hiyo uko kwenye kadi ya mtoto.

Dobi ndivyo anavyoitwa mtaani. Anafua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Binti yake wa miaka sita, Kidoti, amecheza chini ya meza ya pasi tangu alipojua kutambaa. Siku moja kabla ya kwenda kliniki alianguka hapo hapo, mwili ukamkakamaa, miguu ikapigapiga sakafu. Kichwa chake kilitua shibiri moja kutoka kwenye pasi iliyokuwa imewekwa chini ipoe.

Daktari aliuliza: kuanguka kulianzaje? Macho yalielekea wapi? Mkono upi ulitangulia?

"Nilimkumbatia tu," Dobi alisema.

"Kila mama hukumbatia. Lakini siwezi kumwanzishia mtoto dawa ya miaka kwa neno 'alianguka'. Nirekodie kwa simu. Na usisubiri aanguke. Nataka na siku zake za kawaida, akila, akicheza, akitumwa. Rudi mwezi ujao."

Simu ikapanda rafuni, kati ya kopo la wanga na mashati yaliyokunjwa. Dobi alizipanga video kama anavyopanga nguo. Nguo za kila mteja hufungwa uzi wa rangi yake, na hajawahi kumpa mtu soksi isiyo yake. Kwenye simu alifungua mafungu: Anakula, Anacheza, Anatumwa. Kila jioni, wateja wakishaondoka, aliketi kwenye ndoo aliyoipindua akigawa za siku hiyo. Fungu la nne, Ameanguka, lilibaki tupu.

Nyumbani hawakumwelewa. Mumewe, dereva wa lori la maji, alilichukulia jambo hilo kwa utani. "Mama Kidoti, ngoja nichane nywele kwanza. Daktari asije akadhani mgonjwa ni mimi."

Mama mkwe hakutania.

"Nyumba haina pazia tena," alisema. "Na ukishampelekea daktari hayo, atatamka kifafa. Jina hilo litamganda mtoto mpaka siku ya kuposwa."

"Bila jina hapati dawa, mama."

"Dawa ya nini? Mtoto mzembe tu, mnamdekeza. Mwalimu wake mwenyewe kasema hasikii, atarudia darasa."

Dobi hakubisha. Kuhusu uzembe, yeye na mkwewe walikuwa kitu kimoja.

Wiki zikaenda. Kila kishindo kilimgeuza shingo: kifuniko cha sufuria, mlango wa jirani. Alipiga pasi jicho moja kwenye kola na jingine kwa mtoto, na mashati mawili yakatoka na mikunjo ambayo wateja waliiona.

Jumamosi ya wiki ya nne Kidoti alianguka. Dobi aliiachia pasi juu ya shuka la mteja na kumrukia. Mtoto alipotulia na kusinzia, shuka lilikuwa na tundu la umbo la pasi. Dobi hakulijali. Aliishusha simu, akaifungua.

Mtoto haonekani. Video nzima ya kuanguka ni blauzi yenye mirabamiraba. Mgongo wa Dobi mwenyewe ulikuwa umeziba kila kitu.

Dereva aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, chumba kinanuka kitambaa kilichoungua.

"Nimeipa mgongo," alisema.

"Umeipa nini mgongo?"

"Kamera. Mwezi mzima nangoja, halafu naipa mgongo."

Safari hii Dereva hakutania. Aliichukua simu, akairudisha video nyuma. Kabla ya blauzi, Kidoti amesimama katikati ya chumba, kikombe mkononi. Sauti ya Dobi inasikika: "Kidoti, lete kikombe hicho." Kimya. "Kidoti! Masikio umeyaweka rehani?" Kikombe kinainama polepole, maji yanamwagikia mguu wa mtoto. Haangalii chini. Kope zinapepesa. Kisha anashtuka kidogo na kukileta kikombe, kana kwamba ameitwa sasa hivi tu.

"Hakusikii," Dereva alisema.

"Anajifanya. Hivyo ndivyo alivyo."

"Maji yanammwagikia mguuni, mama Kidoti. Nani anajifanya hivyo?"

Dobi alimnyang'anya simu. Hakuhitaji kutazama saa zote alizorekodi. Alijua pa kutafuta. Kila sauti yake ilipopanda, alisimamisha. Katika Anakula, kijiko kimekwama hewani: "Tafuna, wewe!" Katika Anacheza, mwanasesere anaponyoka mkononi. Katika Anatumwa, sauti ni ya bibi: "Jiwe hili! Nasema na nani?" na uso wa mtoto uko mbele kabisa ya kamera, macho wazi, hayatazami kitu.

Alifungua fungu jipya, akaliita Hayupo. Akahamishia humo moja baada ya nyingine.

Dereva alipiga simu kliniki na kueleza walichokiona. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho. "Kuduwaa huko nako huweza kuwa kifafa. Zileteni zote, msifute hata moja. Na huyo mtoto asisogelee tena meza ya pasi."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Ile ninayomwita jiwe imo?"

"Imo, mama."

"Ifute."

Kidole cha Dobi kilibaki juu ya kioo. "Ndiyo inayoonyesha uso wake vizuri kuliko zote."

Bibi alitazama kitanda alicholala mjukuu wake.

"Basi iache," alisema. "Lakini na mimi nakuja. Daktari akiuliza nani huyo anayepayuka, nitamjibu mwenyewe."

Miadi yao ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Dobi amewaambia wateja kwamba siku hiyo hatafungua. Meza ya pasi ameihamishia uani.