Baba Akikagua Polinomia

Baba alikuwa sajini mstaafu wa jeshi la Mwingereza, na pale nyumbani Kibra alitukagua sote kama askari wake. Kusoma hakujua. Namba, hizo alizijua barabara, maana jeshini mtu ni namba kwanza, jina baadaye.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha Kawangware huku nasoma hesabu kwa posta. Kazi ya mwisho ilikuwa kuthibitisha kwamba polinomia za ukoo mmoja zote zinatii mlinganyo tofautishi mmoja: unaipachika polinomia ndani, pamoja na kasi yake ya kubadilika, na vyote vinafutana kubaki sifuri. Mwalimu wangu wa ng'ambo alishaniandikia wazi: kazi hii ikiwa na makosa, mtihani sahau. Na barua zilikuwa zinaondoka Jumamosi saa sita mchana.

Jumamosi asubuhi, polinomia ya nne ilikuwa bado inanitoa jasho. Siku mbili napachika, siku mbili inakataa kuwa sifuri. Lo! Nilitamani kuitia motoni.

Baba akaja na chai yake ya tangawizi, akainamia daftari. Akaonyesha zile namba ndogo zinazokaa juu ya herufi.

"Mwalimu, ukurasa huu wote wana mbili, nne, sita begani. Huyu mwenye tatu ametoka wapi? Amepotea kikosi."

"Baba, hili si gwaride, wallahi! Niache nifanye kazi."

Alichukua jembe akaenda zake kwenye mahindi.

Nikatazama tena. Katika ukoo ule vipeo shufwa na vipeo witiri havikai pamoja kamwe ndani ya polinomia moja. Mlinganyo wenyewe ndio unaovitenga. Ile tatu niliinakili vibaya mwenyewe kutoka kitabuni. Nikaandika mbili, nikapachika upya. Sifuri. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Nilikimbilia shambani na daftari, miguu mitupu.

"Baba, nisamehe. Ulisema kweli. Nikagulie zote kabla sijafunga bahasha."

Aliweka jembe chini, akapangusa mikono, akafunga kifungo cha shingoni. Kisha akapita mstari kwa mstari, polepole, bila kugusa karatasi. Akanitolea wengine wawili waliopotea kikosi.

Mtihani nilifaulu. Cheti kina jina langu peke yake, na hilo linaniuma mpaka leo.